Neema kwa Waliokatiwa Tamaa (3): Mchungaji wa Nuremberg

Katika sehemu iliyopita tulimtazama Manase, mfalme wa Yuda aliyewapitisha wanawe motoni na kuijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia, kisha akajinyenyekeza akiwa kifungoni, na Mungu akamsikia. Leo tuwatazame watu wa karne iliyopita ambao majina yao yanachukiza hadi sasa.

Novemba 1945, viongozi 21 wa Kinazi walikuwa katika gereza la Nuremberg, Ujerumani, wakikabiliwa na mashtaka ya uhalifu wa vita na mauaji ya mamilioni ya watu. Jeshi la Marekani lilitafuta kasisi wa Kiprotestanti anayejua Kijerumani. Likampata Henry Gerecke, Mlutheri kutoka St. Louis, mwenye umri wa miaka 52, aliyekuwa amezoea kuhudumia wafungwa na wagonjwa wa mji huo. Wanawe wawili walikuwa wameumia katika vita hivyo hivyo. Aliruhusiwa kukataa. Akaomba, akatafakari, akakubali.

Siku za mwanzo alipita chumba kwa chumba na kumpa mkono kila mmoja. Alilaumiwa sana kwa hilo, nami nawaelewa waliomlaumu. Makaburi yalikuwa bado mabichi. Hata hivyo naamini alitenda vyema. Atamwitaje mtu kwenye toba ikiwa hata salamu anamnyima?

Mkono ule haukuwa msamaha wa bure. Gerecke hakumkaribisha mtu kwenye Meza ya Bwana mpaka aone dalili za toba ya kweli. Fritz Sauckel, aliyesimamia kuchukuliwa kwa mamilioni ya watu wakafanyishwe kazi kwa nguvu, alipiga magoti na kulia. Jemadari Wilhelm Keitel alisoma Biblia na kushiriki Meza. Joachim von Ribbentrop, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alianza kwa ubaridi na maswali mengi, akalainika polepole. Alfred Rosenberg alikataa mpaka mwisho.

Majira ya joto ya 1946, iliposikika kwamba kasisi huenda akarudi nyumbani, washtakiwa walimwandikia barua mkewe, Alma, wakimsihi amruhusu abaki. Mama huyo akakubali.

Usiku wa Oktoba 15, mkesha wa kunyongwa kwa waliohukumiwa kifo, mshtakiwa mwenzao Hermann Göring aliomba Meza ya Bwana. Gerecke alimkumbusha Göring habari za binti yake mdogo, aliyetamani kukutana na baba yake mbinguni, lakini Göring hakutaka kumkiri Kristo. Alitaka ibada bila imani. Kasisi akamnyima, na saa chache baadaye Göring akajiua kwa sumu. Wapo waliomshutumu Gerecke kwa kumnyima, kama wengine walivyomshutumu kwa kuwapa mkono. Kwangu mimi matendo hayo mawili yanatoka katika imani moja: mlango uko wazi kwa yeyote, lakini hakuna anayeingia huku akikana kwamba anauhitaji.

Wala toba haikufuta hukumu. Keitel, Sauckel na Ribbentrop walinyongwa usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1946, Gerecke akiwasindikiza kwa sala hadi kwenye kitanzi. Anayedhani neema huwapora waliodhulumiwa haki yao alitazame tukio hili kwa makini.

Nasi tunao wetu. Wapo magerezani watu waliowaua ndugu zetu wenye ualbino kwa tamaa ya mali. Familia zilizoumizwa zina haki ya kwanza ya kufarijiwa, na asiwepo mhubiri wa kuzilazimisha zisamehe kabla ya wakati. Lakini aliyehukumiwa naye ana roho. Kristo hakuwaagiza watu wake watembelee wafungwa wenye makosa madogo tu.

Msomaji, uliza katika usharika au parokia yako ni nani huenda gerezani, na alikwenda lini mara ya mwisho. Ikiwa hakuna, fuata utaratibu wa kuomba kibali, kisha uende.