Forodhani: Jina la Bustani na Kiambishi cha Mahali

Bustani iliyo ukingoni mwa bahari mjini Unguja, mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, imepata kuitwa kwa majina matatu. Mawili yalitolewa na serikali. La tatu, Forodhani, halikutolewa na mtu yeyote, nalo ndilo lililobaki. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, ambayo kwa maoni yangu ni ya kisarufi kama ilivyo ya kihistoria.

Neno forodha tumelipata katika Kiarabu, furda, yaani bandari au mahali pa kutozea ushuru. Konsonanti mbili zilizofuatana zimetenganishwa kwa irabu, na ile dal nzito ya Waarabu imegeuka dh, kama ilivyokuwa katika fedha na kadhi. Katika karne ya 19 neno hili halikuwa dogo. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833, na ule wa Uingereza wa 1839, uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa ziingiazo. Na ukusanyaji wake ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao mashuhuri wao ni nyumba ya Jairam Shivji. Pembe, karafuu na nguo za merikani (zilizobakiza jina la nchi zilikofumwa) zote zilipita forodhani, kwa herufi ndogo, maana wakati huo lilikuwa neno la kawaida tu: penye forodha.

Katika miaka ya 1920 bandari mpya ilijengwa upande wa Malindi, na shughuli za ushuru zikahamia huko. Mwaka 1936 Sayyid Khalifa bin Harub, aliyeshika ufalme mwaka 1911, alipotimiza miaka 25 ya utawala, uwanja ule ulifanywa bustani ikaitwa kwa jina la Jubilii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Mwaka 2008 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilianza kuitengeneza upya, ikafunguliwa tena mwezi wa Julai 2009. Kwa muda wote huo watu waliokwenda jioni kula urojo na mishikaki, na vijana warukao baharini kutoka ukutani, walisema Forodhani.

Majina yale mawili ya serikali yalimtaka msemaji ataje kwanza kitu, bustani, kisha kinachoheshimiwa. Forodhani hujibu swali la "wapi?" kwa neno moja, na jibu lake limekamilika. Lakini hoja hii haitoshi peke yake, kwani Mnazi Mmoja, huko Unguja na Dar es Salaam pia, limedumu bila -ni. Tena Nairobi, bustani aliyoitoa Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906 ingali yaitwa kwa jina lake, kwa kuwa mji ulikuwa mchanga na hapakuwapo jina kongwe la kushindana nalo.

Jambo lenyewe laonekana wazi zaidi tukilinganisha na bara. Mtu wa Ngara, ambaye lugha yake ya mama ni Kihangaza au Kishubi, huonyesha mahali kwa kutanguliza mu au ku mbele ya jina, kama majirani zake Warundi. Akijifunza Kiswahili huikuta alama hiyo mkiani, naye huifahamu upesi kwa neno asikialo kila siku: bomani. Huko Biharamulo Wajerumani walijenga boma katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakaondolewa mwaka 1916. Boma lile lingali limesimama. Lakini aendaye bomani kwa shauri lake huenda kwa wakuu wa wilaya, wawe katika jengo lolote. Neno limefuata serikali. Kule Unguja ushuru ulihama, na neno halikuufuata. Lilibaki na ardhi.

Tofauti ni hii. Ondoa -ni katika bomani, utabaki na boma, na maana haikuvunjika. Ondoa -ni katika Forodhani, utabaki na idara ya serikali: "natoka forodha" na "natoka Forodhani" ni safari mbili mbalimbali. Kiambishi kimeganda katika shina. (Msomaji asidanganywe na bustani: -ni yake si ya mahali, ni mwisho wa neno la Kiajemi, ndiyo maana twaweza kusema bustanini.)

Upatanisho unathibitisha. Twasema "Forodhani pamejaa watu", kwa ngeli ya mahali. Lakini pia "Forodhani imetengenezwa upya", kama tusemavyo Dodoma au Biharamulo. Bomani haikubali hivyo: hapana asemaye "bomani imejengwa". Hapa pana jambo la kuwahusu watunga kamusi na wasahihishaji wa mitihani. Mwanafunzi aandikaye "katika nyumbani" amekosa, kwa kuwa ameonyesha mahali mara mbili. Wapo walimu waikatao "katika Forodhani" kwa kanuni ile ile na kumpunguzia mtoto alama. Jina hili limekwisha kutoka katika kanuni hiyo, nami ningempa mtoto alama zake.