Chungu cha Shaba Hakiondoi Sumu

Hapa kwetu Eldoret wengi wamelipa karo kwa chang'aa. Sasa wengine wanataka kujitengenezea mtambo wa shaba, ati pombe itatoka safi. Tuelewane. Shaba hupunguza harufu mbaya tu. Bomba likiunganishwa kwa lehemu yenye risasi, sumu huingia kinywajini. Rejeta ya gari ni mbaya zaidi. Methanoli nayo, wanayotia wachuuzi wenye tamaa, huwezi kuitambua kwa macho: hupofusha na kuua. Mwaka 2000 iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Sheria ya 2010 inataka leseni; bila hiyo ni kosa. Mtu akinywa kisha aone ukungu machoni, mkimbizeni hospitali, msingoje asubuhi.