Mshikamano wa Molekuli katika Jani la Chai

Chai ya rangi iliyokolezwa kwa majani ya Kericho au Bomet nchini Kenya huingia ukungu inapopoa, na ukungu huo, ambao waonja chai huuhesabu kuwa dalili ya ubora, hutokana na kafeini kushikamana na theaflavini, yaani molekuli zinazoipa chai wekundu wake mng'avu. Katika mshikamano huo atomu hazigawani elektroni wala hakuna dutu mpya inayozaliwa. Kuna mvuto hafifu tu, ambao joto huuvunja na baridi huurudisha. Tawi la sayansi linalochunguza mivuto ya aina hiyo huitwa kemia ya supramolekuli, na waasisi wake, Pedersen, Cram na Lehn, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Jani bichi lina katekini, ambazo hugeuka theaflavini pale mashine za kiwandani zinapolisaga jani na kuzikutanisha na kimeng'enya pamoja na oksijeni ya hewani. Katekini hupenda mno kushika protini: ukakasi unaosikika ulimini hutokea zinapozinasa protini za mate, na maziwa huupunguza kwa sababu protini yake, kaseini, huzidaka kwanza. Dawa nyingi nazo hutenda kazi kwa mivuto hiyohiyo, zikijipachika kwenye protini inayohusika na ugonjwa, ila dawa njema huchagua protini yake, ilhali katekini hushika nyingi bila kubagua na mwili huzifyonza kwa kiasi kidogo, na kwa hiyo wanaoinadi chai kuwa tiba ya kila maradhi wanawapotosha watu. Hata hivyo, mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu ya katekini za chai ya kijani kwa ajili ya kutibu sunzua za sehemu za siri.

Molekuli hizi hushika pia madini ya chuma, na ndiyo sababu wenye upungufu wa damu hushauriwa wasinywe chai pamoja na chakula. Sifa hiyo inayowadhuru wagonjwa hao ina manufaa maabarani, kwani mwaka 2013 watafiti wa Melbourne walitumia chuma na tanini, jamaa ya katekini, kutengeneza utando mwembamba sana unaoweza kufunika chembe za dawa. Kabla ya hapo, mwaka 1983, mkemia Jean-Pierre Sauvage alikuwa ametumia ayoni ya shaba kuzishikiza molekuli mahali pake hadi akapata pete mbili zilizopitana kama za mnyororo, hatua iliyozaa mashine za molekuli na kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016.

Kericho nayo ina Taasisi ya Utafiti wa Chai, ambako ilizalishwa chai ya zambarau, TRFK 306, yenye wingi wa anthosianini, molekuli zinazoipa rangi hiyo. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga, hazina budi kugharimia utafiti wa kemia ya jani hilo kwa ajili ya dawa, badala ya kuwaachia wanunuzi wa ng'ambo.