Selimundu: Kipimo Kipi Ulipie Kwanza?

Mimba ina wiki tisa, kwenye ukoo kuna mtoto wa selimundu, na fedha ni za kuhesabu. Ukiwa Tunduma, vipimo vya kuchagua ni hivi.

Kipimo cha haraka cha kujikunja kwa chembe za damu. Ndicho cha bei ya chini. Kasoro yake, hakitofautishi mgonjwa na aliyebeba tu kinasaba. Kikitoka chanya, utalipia kingine.

Kipimo cha aina ya himoglobini. Bei iko juu zaidi, lakini majibu hayaishi muda: ukiwa AA (huna kinasaba cha selimundu) leo, ni AA hadi uzeeni. Tunza karatasi yake. Ili kuokoa fedha, apime mmoja kwanza. Akiwa AA, hatari ya mtoto kuugua ni ndogo sana; mwenza anaweza kubaki na hela yake. Akiwa AS (amebeba kinasaba bila kuugua), mwenza apime wiki hiyohiyo. Wote mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto mgonjwa. Kabla ya kulipa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Vwawa, uliza: mnapima hapa au mnasafirisha sampuli? Majibu lini? Usafirishaji analipa nani? Aliyeongezewa damu karibuni aseme mapema, kwani majibu yanaweza kupotosha.

Kipimo cha mtoto tumboni. Chembe za kondo la nyuma huchukuliwa wiki ya 11 hadi 14. Maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Kabla ya wiki ya 10 kataa kuchukuliwa chembe za kondo: kuna hatari ya kudhuru viungo vya mtoto. Mimba inaweza kutoka. Kwa miaka mingi ilitajwa moja kati ya 100. Kwa daktari mzoefu ni chini ya hapo. Hii ni kazi ya mabingwa, usiitegemee zahanati ya mtaani.

Bei ya kipimo chenyewe si bili yote. Ongeza nauli, gesti, msindikizaji, ultrasaundi, na sindano ya kinga kama kundi lako la damu ni hasi. Mwenye VVU azungumze na daktari kwanza. Na majibu ni ya mimba hii tu. Ijayo unalipa upya.

Jiulize pia majibu utayafanyia nini. Selimundu haitibiwi tumboni, na sheria ya Tanzania inaruhusu kutoa mimba kuokoa maisha ya mama tu.

Kipimo cha kisigino baada ya kuzaliwa. Tone la damu linatosha, na mimba haiguswi. Omba kipimo cha himoglobini, si kile cha haraka cha kujikunja kwa chembe, ambacho hukosea kwa mtoto mchanga. Mgonjwa akijulikana mapema huanzishiwa penisilini, kinga ya malaria na kliniki.

Kwa mfuko mdogo: himoglobini ya wazazi wiki hii, kisigino baada ya kujifungua. Kipimo cha mtoto tumboni ni kwa wazazi wote AS ambao majibu yatabadilisha uamuzi wao.