Usichomelee Nondo Kwenye Gari la Familia

"Fundi, mvua zimekaribia na mimi nakwenda Busi, Kondoa. Nichomelee ndoano ya nondo mbele na nyuma, ile nene."

Kila Novemba naombwa hivi, na kila Novemba nakataa. Juzi nimeombwa mara tatu kwa siku moja. Mteja wa tatu aliondoka amenuna, akaenda kwa fundi wa mageti, na jioni alipita mbele ya karakana yangu na nondo yake imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nimechoka kulijibu ombi hili mmoja mmoja, na naogopa siku nondo ile itakapofanya kazi.

Linapotoka ombi hilo napajua. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe Aprili 2018, watu wa Kondoa wanarudi nyumbani na magari ya familia: RAV4, Harrier, X-Trail, Forester. Taabu inaanza pale unapoiacha lami kuelekea kijijini. Huko kuna makorongo yenye mchanga laini ulioshuka kutoka vilimani, na kuna mbuga za udongo mweusi ambao ukilowa unashika tairi kama ulimbo. Hii ndiyo ardhi ambayo Serikali iliianzishia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka zaidi. Kukwama huko si aibu ya dereva. Atakayepita wakati wa mvua ajiandae kuvutwa, na ajue kabla ya safari kamba itafungwa wapi.

Wanaotaka nondo wana hoja moja: nondo inabeba ghorofa, itashindwaje na gari? Nitaijibu polepole, kwa sababu ndiyo inayoleta maafa.

Ni kweli nondo ya milimita 16 ina nguvu. Ikivutwa ikiwa imenyooka, kama inavyovutwa ndani ya zege, inahimili karibu tani 10 kabla ya kuanza kurefuka moja kwa moja. Lakini ndoano haikunyooka. Umeikunja, na kamba inakaa sentimita 3 hivi pembeni ya shina lake. Hapo chuma hakivutwi tena, kinapindwa, na nondo ileile inaanza kufunguka kwenye mzigo wa kilo 700 hivi. Usiniamini kwa maneno. Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, ushike ncha mbili ujaribu kuukata kwa kuuvuta. Hutaweza. Sasa ukunje: hata mtoto wa chekechea anaukunja. Waya ni uleule, kilichobadilika ni namna ulivyoubebesha mzigo.

Kuna suala la moto. Nondo nyingi za siku hizi hupewa ugumu kiwandani kwa kupozwa ghafla na maji zikiwa bado nyekundu. Ganda la nje linakuwa gumu na kiini kinabaki laini. Fundi anapoipasha moto ili aikunje kirahisi, analiharibu ganda lile. Kisha anaichomelea, na kando ya mshono panabaki ukanda uliopata joto kali ukapoa haraka. Ukanda huo unaweza kuwa mkavu kama kigae: haupindi kwanza ukakuonya, unakatika. Ukishasagwa na kupakwa rangi hakuna jicho litakaloona ufa, la kwangu likiwamo.

Hata hivyo, ubovu mkubwa hauko kwenye nondo. Uko kwenye kile ilichochomelewa. Magari niliyoyataja hayana chesisi ya chuma kizito kama Land Cruiser ya zamani au Hilux. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mihimili yake ya mbele ni bati lililokunjwa kama sanduku, lenye unene wa milimita 1.5 hadi 2 hivi. Fundi aliyezoea mageti anakuja na fimbo zake na moto uleule wa mageti, bati linatoboka, naye anaziba tundu kwa kumwagia chuma juu yake. Bati la mihimili mara nyingi ni chuma maalumu kilichopewa nguvu kiwandani. Likipashwa moto namna ile linapungua nguvu. Rangi na zinki ya ndani zinaungua, na kutu inaanza mahali ambapo hutapaona mpaka siku mhimili utakapoachia. Kama betri haikufunguliwa, kompyuta ya gari nayo imehatarishwa.

Mihimili hiyo ina kazi nyingine. Imetengenezwa ijikunje wakati wa ajali, ipokee kishindo kabla hakijamfikia aliye kwenye kiti. Ukibandika chuma kigumu pale umebadilisha namna gari litakavyojikunja, na waliomo ndani ni watoto wako. Nondo iliyotokeza mbele ya bampa, nayo, iko usawa wa mguu wa mpita njia.

Hapo mteja hunijibu: "Lakini fundi, gari langu ni tani moja na nusu tu." Weka abiria watano, magunia na zawadi za bibi, umefika tani 2. Wanaokwamua magari kwa kazi wana kipimo chao: likizama hadi usawa wa rimu, kulivuta kunadai nguvu inayolingana na uzito wake wote, likizama hadi madigadi, mara mbili, bodi ikilala kwenye tope, mara tatu. Hizo ni tani 2, 4 na 6, kwa mvuto wa polepole usio na mshtuko. Ikumbuke ndoano inayoanza kufunguka kwenye kilo 700.

Mvuto wenyewe huwa si wa polepole. Kwenye njia za vijijini anayekuokoa ni dereva wa lori mwenye mnyororo na haraka zake. Anaacha mnyororo ulegee, anakanyaga mafuta, anauchapa. Lori la tani 5 likienda kilomita 10 tu kwa saa, kisha likazuiwa na mnyororo ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inayofika kwenye ndoano ni karibu tani 20. Likizuiwa na kamba inayorefuka mita 2, wastani huo unashuka hadi tani moja hivi, na kilele chake ni kama mara mbili ya hapo. Mnyororo unaosifiwa kwa ugumu wake ndio unaovunja magari, kwa ugumu huohuo.

Sasa msikilize anayesema, "Basi nitanunua kamba ya kunyumbuka, nifunge kwenye nondo." Huyo ametengeneza manati. Kamba ikishavutika imejaa nguvu, na nondo ikiachia inaruka ikiwa imefungwa kwenye ncha ya kamba, kuelekea kwenye gari linalovuta au kwa watu waliokusanyika kutazama. Nililetewa gari ambalo ndoano yake ya kuchomelewa iling'oka na kipande cha mhimili, ikapasua kioo cha nyuma cha gari lililokuwa linavuta na kuishia kwenye kiti cha abiria. Kiti kilikuwa kitupu, kwa sababu abiria alikuwa ameshuka kusukuma. Nchini Australia, ambako watu huvutana kwenye mchanga kila likizo, wamekufa watu waliopigwa na bola la tela lililokatika kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo usifunge kamba kwenye bola la tela, na usikubali anayekuvuta aifunge kwenye bola lake.

Onyo jingine, kwa sababu magari yetu mengi yanakuja kwa meli kutoka Japani. Ukichungulia chini utaona vikono au matundu ya bati ambayo watu huyaita "ndoano za kiwandani". Mara nyingi hayo ni ya kufungia gari lisitembee melini. Yanazuia gari lisisogee. Kulitoa kwenye tope ni kazi nyingine. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali pa kuvutia. Kama huna, tafuta cha modeli na mwaka wa gari lako.

Ufanye nini, basi? Haya, upesi upesi.

Kwanza, pete ya kuvutia. Mengi ya magari haya yana pete ya chuma ya kukaza kwa hesi, inayokaa na jeki na spana chini ya zulia la buti. Tundu lake limefichwa na kifuniko kidogo kwenye bampa. Mengi yanafika nchini bila pete hiyo. Ikiwa haipo, nenda duka la vipuri na namba ya chesisi, ununue inayolingana na hesi za gari lako. Ikaze mpaka mwisho kwa mkono, malizia kwa spana. Imetengenezwa kuvuta gari bovu kwenye barabara ngumu. Kwa kukwamua itumie tu kama kitabu hakikatazi, baada ya kuchimba, kwa mvuto wa polepole na ulionyooka. Ukivuta kwa pembeni inapinda.

Pili, ukitaka sehemu imara zaidi, zipo bamba za kukwamulia zinazotengenezwa kwa modeli maalumu. Zinafungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani, kwenye miisho ya mihimili yote miwili. Bolti ziwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani, na zikazwe kwa spana yenye kipimo. Hazichomelewi. Tumia mkanda unaounganisha kushoto na kulia ili mzigo ugawanyike. Kama modeli yako haina bamba zake, bakia na pete; usimwachie fundi abuni.

Tatu, nyuma. Ukifungiwa kishikio cha tela cha kufunga kwa bolti, chomoa bola, ingiza kitanzi cha mkanda ndani ya tundu lake la mraba, kisha pitisha pini katikati ya kitanzi. Nguvu inaenda kwenye pini na mihimili.

Nne, kabla ya kamba, chepe. Toa udongo mbele ya matairi na chini ya tumbo la gari. Kwenye mchanga punguza upepo kutoka psi 32 hadi 20 hivi, uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya lami. Weka mbao au matawi chini ya tairi. Kila unachochimba kinaipunguzia pete mzigo, na mara nyingi gari linatoka lenyewe.

Tano, watu. Wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pembeni, asiwepo hata mmoja kwenye mstari wa kamba. Tandika blanketi zito katikati ya kamba. Walio ndani ya magari wawe madereva wawili tu. Watoto wa kijiji watakuja kutazama, ndivyo watoto walivyo. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaweka nyuma, na asipewe nyingine.

Na aliyekwisha kuchomelea aje tuikate. Ukataji haumalizi kazi, kwa sababu mhimili uliopata moto lazima uchunguzwe na upakwe dawa ya kutu.

Leo jioni inua zulia la buti utafute pete. Fungua kile kifuniko cha bampa, ikaze, uone kama inaingia mpaka mwisho bila kukwama kwenye kutu. Ni kazi ya dakika 5 ukiwa nyumbani kwenye sakafu kavu. Ndani ya korongo, maji yakiwa yanakuja na dereva wa lori anapiga honi, hutapata nafasi ya kuifanya, na utafunga kamba kwenye chochote utakachokiona.