Somo Yako Nani? Majina Yanayofanana na Kazi ya Mhakiki

Utangulizi

Ukifika Ruangwa siku ya mechi utakuta watu wanamiminika Uwanja wa Majaliwa kuitazama Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Kaa karibu na wazee, tega sikio. Haitachukua muda utasikia mazungumzo ya namna hii:

– Babu, eti Mohamed Hussein alikuwa mfungaji hodari?

– Yupi, mjukuu wangu? Yule Mmachinga au huyu Tshabalala?

– Kwani wako wawili?

– Wawili ni wa mpira tu. Wa Marambo nzima sikuhesabii, tutakesha.

Swali hilo la babu, "yupi?", ndilo msingi wa makala haya. Marambo, yaani nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, imejaa wajina, na Kiswahili kina neno jingine kwa mtu mwenye jina kama lako: somo. Tunakusudia kueleza kwa nini wanamichezo na watu mashuhuri wa kwetu hugongana majina, jamii huwatofautishaje, na jambo hilo linatuhusu nini sisi wanafunzi wa fasihi. Maana darasani tumefundishwa kwamba jina la mhusika hubeba dhamira. Sawa. Lakini jina likibebwa na watu wawili, dhamira inakaa kwa nani?

Mfumo wenyewe

Tuanze na chanzo. Majina mengi ya Waswahili na ya Waislamu wa kusini hayana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Mtu ana jina lake, kisha la baba yake, na pengine la babu yake. Tena majina ya kuchagua si mengi sana: Ali, Hassan, Hussein, Juma, Salum, Mohamed, Kassim. Ukichanganya machache hayo mawili mawili, kugongana ni lazima.

Mfano mzuri ni wa baba na mwana waliocheza mpira. Baba ni Abubakar Salum, winga wa Yanga wa zamani. Mwana ni Salum Abubakar, kiungo aliyechezea Azam kisha Yanga. Majina ni yaleyale mawili, yamepinduliwa tu, kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu. Tena wote wawili wameitwa "Sure Boy", kwa hiyo hata jina la utani limerithiwa. Msomaji wa magazeti asiyeujua mfumo huu atadhani mhariri amekosea mpangilio wa majina. Aujuaye anaona vizazi vitatu ndani ya maneno mawili.

Hali ni hiyohiyo katika siasa. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995. Mwanawe, Hussein Ali Mwinyi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 2020. Hapo Mwinyi limekaa mwisho kama jina la ukoo. Lakini mashabiki wa Yanga wanamkumbuka Mwinyi Zahera, kocha kutoka Kongo aliyewafundisha miaka ya 2018 na 2019. Kwake Mwinyi ni jina la mwanzo. Neno lenyewe asili yake ni cheo cha heshima, bwana au mwenye mji. Kwa hiyo neno moja limekuwa cheo, jina la mtu na jina la ukoo, na hakuna udugu wowote kati ya kocha na marais hao.

Kusini kuna jambo la kuongeza. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa jadi huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa kuliko baba. Lakini daftari la shule na la serikali huuliza jina la baba. Matokeo yake, jina la pili linakuambia baba wa mtu ni nani, lakini halikuambii mtu huyo ni wa ukoo gani. Ndiyo maana mzee wa Nachingwea akishasikia jina lako bado atakuuliza: "Mama yako ni wa wapi, mwanangu?" Haulizi kwa udadisi tu. Anatafuta kile ambacho daftari halikukiandika.

Hukumu ya watazamaji

Turudi kwa akina Mohamed Hussein. Wa kwanza aliichezea Yanga miaka ya 1990, na hadi leo anatajwa kwa mabao 26 aliyofunga katika ligi ya mwaka 1999. Wa pili ni beki wa kushoto aliyejiunga na Simba mwaka 2014, akafikia kuwa nahodha, kisha mwaka 2025 akahamia Yanga. Yaani, jamani, jina la Mohamed Hussein limerudi katika klabu ileile, ila limerudi na mtu mwingine na kazi nyingine. Yule wa kwanza kazi yake ilikuwa kufunga, huyu kazi yake ni kuzuia wafungaji.

Nani aliwatenganisha? Chama cha mpira hakikufanya kazi hiyo, wala wazazi. Walitenganishwa na watazamaji. Wa kwanza akaitwa "Mmachinga", wa pili "Zimbwe Junior" na "Tshabalala". Tuyachambue majina haya kama tunavyochambua jazanda.

"Tshabalala" linatupeleka kwa Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini, aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia tarehe 11 Juni 2010. Ni jina la kuazima kutoka kwenye runinga, na linaonyesha kizazi kilichotazama fainali zile.

"Mmachinga" ni jina la nyumbani. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi. Vijana wa kusini walipomiminika Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, jina la kabila likageuka kuwa jina la kazi, na leo mchuuzi yeyote wa barabarani, awe Msukuma au Mpare, ni mmachinga. Wako wanaodai kwamba neno hilo limetokana na Kiingereza, eti vijana wanaotembea kama wapiga kwata. Maelezo hayo yanachekesha, lakini yanafuta jambo zito: kwamba neno hilo lilikuwa la watu wa mkoa wenye barabara mbovu na ajira chache, waliolazimika kwenda kutafuta maisha mbali. Basi mshambuliaji alipoitwa Mmachinga, jukwaa zima lilikuwa linataja historia ya kusini bila kujua. Mhakiki akiliacha jina hilo kwa kuwa "ni la utani tu", anaiacha historia hiyo pia.

Mwandishi na mkimbiaji

Sasa tuingie darasani kwetu. Nani kati yetu hajasoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein? Tamthilia hiyo ilitoka mwaka 1969, ikafuatiwa na Mashetani mwaka 1971, na baadaye Arusi na nyinginezo. Mwaka 1988 akatoa Kwenye Ukingo wa Thim, inayotokana na mgogoro wa mazishi uliotikisa Kenya.

Mwaka huohuo wa 1988, Mkenya aitwaye Ibrahim Hussein alishinda mbio za marathoni za Boston. Alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Aliyeshika nafasi ya pili, kwa tofauti ya sekunde moja tu, alikuwa Mtanzania wetu Juma Ikangaa. Mwaka uliotangulia, 1987, Hussein huyo alikuwa ameshinda New York, na Boston akashinda tena 1991 na 1992.

Tazama basi. Mtanzania Ebrahim Hussein anaandika juu ya Kenya. Mkenya Ibrahim Hussein anamnyima Mtanzania ushindi. Herufi moja ndiyo inayowatenganisha, na herufi yenyewe ni ya uandishi tu, maana jina ni lile la Nabii Ibrahimu. Mwandishi ni mtu wa pwani ya kusini. Mkimbiaji ni Mnandi wa Kapsabet. Jina linatuambia dini, halituambii kabila wala nchi. Halafu sisi katika bibliografia zetu tunaandika "Hussein, E.", kana kwamba Hussein ni jina la ukoo kama la Waingereza. Tunafuata utaratibu wa kitaaluma, sawa, lakini tujue kwamba tunamwita mtu kwa jina ambalo mara nyingi ni la baba au la babu yake, na tunalificha lile ambalo ni lake hasa.

Akina Majaliwa wawili

Mfano wa Ruangwa ndio mzito kuliko yote. Aliyekuwa mbunge wa hapa kuanzia 2010 hadi 2025, mwalimu kwa taaluma, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015 na akaishika kazi hiyo hadi Novemba 2025. Jina lake kamili ni Kassim Majaliwa Majaliwa. Uwanja wa Ruangwa unaitwa kwa jina hilo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19 na 24 wakanusurika. Wavuvi kwa mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika, na kati yao alikuwamo kijana aitwaye Majaliwa Jackson. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Majaliwa aliongoza maombolezo katika Uwanja wa Kaitaba, na kijana Majaliwa akasifiwa hapohapo mbele ya umma. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Majaliwa maana yake ni yale mtu anayojaliwa na Mungu. Mzazi humpa mtoto jina hilo kwa shukrani. Kama mambo haya yangekuwa ndani ya riwaya, sisi wahakiki tungemlaumu mwandishi: amezidisha mno! Mkubwa anaitwa Majaliwa, mvuvi anaitwa Majaliwa, na walionusurika nao wamejaliwa. Tungesema fani imebana maudhui.

Hapa ndipo ilipo hatari ninayotaka wenzangu waione. Tukiusoma mkasa ule kwa jina peke yake, tutasema watu walipona kwa majaliwa, basi, yamekwisha. Usomaji huo ni mtamu lakini unaficha kazi. Unaficha mitumbwi, makasia na mikono ya wavuvi wengi ambao majina yao hayakuwa na maana nzuri ya kupambia habari. Tena unazima swali la msingi: kwa nini mvuvi asiye na chombo wala mafunzo ya uokoaji awe ndiye wa kwanza kufika? Jina likipewa kazi ya kueleza kila kitu, hakuna anayeulizwa.

Kinjeketile yupi?

Kosa hilohilo tunalifanya kwenye karatasi za mitihani. Kuna Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Mapigano yaliendelea hadi 1907. Na kuna Kinjeketile wa jukwaani, ambaye yu hai baada ya wapiganaji kushindwa, na anakataa kuyakana maji. Hao ni wajina, si mtu mmoja. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba wa kwake ni kiumbe wa sanaa. Hata hivyo kila mwaka tunaandika mawazo ya yule wa tamthilia kana kwamba yalinukuliwa na karani wa Kijerumani.

Kwa watu wa Marambo hilo si kosa dogo. Wamwera nao waliingia katika vita ile, na misheni ya Nyangao ilichomwa moto mwaka huohuo 1905. Waliokufa walikuwa watu wenye majina, na wajukuu zao wanayo majina hayo hadi leo. Tukimweka mhusika wa kubuni mahali pa mtu wa kweli, tunawanyang'anya wajukuu hao babu yao, hata kama tumempa sifa nyingi.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, wajina kwetu ni zao la mfumo wa kutoa majina, si bahati wala uvivu. Pili, jamii inao uhakiki wake: humtazama mtu anavyocheza, anavyotembea na atokako, kisha humpa lakabu inayomtenga na mwenzake. Tatu, maana ya jina haitoshi kueleza matendo ya mwenye jina.

Tusiache kuchambua majina ya wahusika. Shaaban Robert asingeandika Kusadikika namna ile kama majina hayana uzito. Ila kabla hatujaandika kwamba jina fulani "linaashiria" jambo fulani, tuulize kwanza swali la babu wa Ruangwa: yupi? Kiswahili kimeita wajina somo, na kimeita kinachofundishwa darasani somo vilevile. La babu tulilipata bure jukwaani, timu zikiwa bado zinapasha misuli.