MAJI MATAMU CHINI YA MCHANGA WA PWANI



Katika somo la jiografia, darasa la sita, swali moja lilitokea. Watu wa pwani wanachimba kisima karibu kabisa na bahari, na wanakunywa maji matamu. Namna gani? Na juu ya nini kisima kile kile, nyuma ya miaka, kinaanza kutoa chumvi? Wengine walisema: "Sisi tuko mbali na bahari, maneno haya ni ya nini?" Lakini inchi yetu iko na pwani yake, ku Muanda, karibu kilometri 40. Na Dar es Salaam, ambako vitu vingi vya mashariki vinapitia, shida hii iko. Basi tumetafuta jibu, na tunalileta hapa.

1. MAJI MAWILI, UZITO MBALIMBALI

Litri moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1000. Litri moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 1025, kwa sababu ya chumvi iliyo ndani. Mvua ikinyesha pwani, maji yake yanaingia ku mchanga na kulala juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pale yanapokutana yanachanganyika, lakini polepole.

Sasa tufanye hesabu. Maji matamu ya metri 41 yana uzito sawa na maji ya chumvi ya metri 40, kwani 41 mara 1000 ni 41.000, na 40 mara 1025 ni 41.000 vilevile. Maana yake ni hii: pale maji matamu yanaposimama metri 1 juu ya bahari, yanasukuma chumvi mpaka karibu metri 40 chini. Hesabu hiyo ilitolewa na Mholanzi Badon Ghijben mwisho wa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka wa 1901.

2. POMPI IKIVUTA SANA

Hesabu hii inafanya kazi pande mbili. Tukivuta maji mpaka uso wake ushuke metri 1, chumvi inapata njia ya kupanda metri 40. Haipandi siku ile ile. Inaweza kuchukua miaka mingi, na ndiyo hatari yenyewe: watu wanaendelea kunywa maji mazuri, na chini yao chumvi inapanda bila mtu kuiona. Tena, chini ya kisima kinachovutwa kwa nguvu, chumvi inainuka kama kichuguu.

Haihitaji kuwa nyingi. Ndoo 2 za bahari katika ndoo 100 za maji matamu, ulimi unaanza kukataa. Na kuiondoa ni kazi ndefu, maana ni lazima mvua isukume chumvi tena mpaka chini.

3. MFANO WA AMSTERDAM

Tangu mwaka wa 1853 mji wa Amsterdam ulipata maji kutoka vilima vya mchanga vya pwani ya Uholanzi. Mji ulikua, na tangu 1903 walianza kuvuta pia maji ya chini zaidi. Mkubwa wa kazi ya maji, Pennink, aliogopa chumvi. Alijaza mchanga katika sanduku lenye vioo, na mahali pa maji ya bahari akatia maziwa! Uzito wa maziwa uko karibu na ule wa bahari, na weupe wake unaonekana. Alipovuta maji ya juu, aliona maziwa yakipanda.

Shauri lake lilikuwa kuleta maji ya mto na kuyaingiza ku mchanga. Kazi hiyo ilianza 1957 tu, chumvi ilipokwisha kupanda. Maji ya mto Rhine yanasafishwa kwanza, yanapita kwa mabomba mpaka vilima vile, yanazama ku mchanga, kiisha yanachotwa tena.

4. NA HALI YA HEWA?

Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zimepanda karibu sentimetri 20, na zinaendelea. Kama maji matamu yako metri 2 juu ya bahari, yanasukuma chumvi metri 80 chini. Bahari ikipanda sentimetri 20 na maji matamu yasipopata nafasi ya kupanda, ni metri 72 tu. Mahali ambapo ukame unazidi, mvua inayojaza mchanga inapungua. Halafu watu wanachimba zaidi: Dar es Salaam, nyuma ya ukame wa 1997, visima vingi vilichimbwa, na vingine karibu na bahari vimeingiwa na chumvi.

Basi kuna maadui wawili, bahari na pompi. Watu wa kijiji hawawezi kuamuru bahari. Pompi iko mikononi mwao.

5. NAMNA YA KULINDA

– Kuvuta kidogo kwa visima vingi, si vingi kwa kisima kimoja.
– Kuchimba mbali na ufuko, na si chini sana.
– Kupima uso wa maji na chumvi mara kwa mara, mbele ulimi haujasema.
– Kuacha mvua iingie ku udongo, na kutobeba mchanga wa pwani kwa kujenga.

Sisi wasimamizi tunahesabu ndoo ku chemchem wakati wa kiangazi, na wengine wananung'unika: "Maji ni ya wote, juu ya nini kuhesabu?" Ni kweli, ni ya wote. Hata maji ya chini ya pwani ni ya wote, na anayevuta sana katika kiwanja chake anamletea jirani chumvi. Ndiyo sababu lazima yahesabiwe.

Wasimamizi wa wanafunzi, darasa la sita